Kodiani Katika Boma la Mzee

Kuhukumu kazi ya sanaa ni jambo jepesi kwa mtu asiyejali haki, nalo ni jambo zito kwa mtu anayeijali. Asiyejali husema, "Naipenda," au, "Siipendi," kisha huenda zake akidhani amekwisha kutoa hukumu. Kumbe ametueleza habari za nafsi yake tu; habari za kazi yenyewe hakutueleza hata kidogo. Mhakiki hana budi kwenda mbele zaidi. Humpasa aulize kazi ile ilikusudia nini, ilitumia chombo gani, ilifaulu wapi na ilishindwa wapi. Katika insha hii, msomaji, nataka tufanye kazi hiyo pamoja juu ya muziki ambao watu wengi huusikia na wachache huusikiliza. Ni muziki wa kodiani unaopigwa katika maboma ya wakulima na wavuvi wa Homa Bay na Migori, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, magharibi ya Kenya.

Wajaluo huiita kodiani onanda, na sikio la Mswahili halikosi kusikia ndani ya jina hilo mwangwi wa neno kinanda. Juu ya onanda kuna hukumu mbili zinazotembea midomoni mwa watu. Wa kwanza husema: "Hiki ni chombo cha kigeni. Urithi wa Wajaluo ni nyatiti, orutu na ngoma za ohangla. Kodiani ni mgeni aliyekaa mno." Wa pili husema: "Kodiani ya kweli ni ile ya kumbi na majumba makubwa ya Ulaya, ambako mpigaji huketi mbele ya watu walionyamaza, akapiga muziki ulioandikwa. Hii ya bomani ni kelele za harusi na matanga."

Hukumu hizi mbili zaonekana kama mahasimu, walakini zimekubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba onanda haina kwao. Wa kwanza ameinyima makao katika nchi, na wa pili ameinyima makao katika sanaa. Tukiziacha zisimame bila kuzichungua, kazi ya vizazi kadhaa vya wapigaji itapita bila kupata shahidi wa haki. Basi tuzichungue.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu mtu asiyejua jembe hawezi kumhukumu mkulima. Kodiani ni kisanduku cha pande mbili kilichounganishwa katikati na mvukuto wa makunjo. Ndani yake mna vilimi vyembamba vya madini, kila kimoja kimefungwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Pumzi ya mvukuto ikipita, kilimi hutetemeka, na mtetemeko huo ndio sauti. Wachina walikuwa na chombo chenye vilimi vya namna hii, kiitwacho sheng, karne nyingi kabla ya Ulaya kukifahamu. Katika Ulaya, Cyrill Demian, fundi wa vinanda katika mji wa Vienna, aliandikisha haki ya kodiani yake mwaka 1829. Kutoka hapo chombo kilienea mikononi mwa mabaharia, wafanyakazi wa viwanda na wakulima, kwa sababu kilikuwa chepesi kubeba, kilikuwa na sauti kubwa, nacho hakikuhitaji kulinganishwa nyuzi kila jioni.

Zipo aina nyingi za kodiani, lakini ile ndogo ya safu moja yatosha kutufundisha. Upande wa mkono wa kulia ina vitufe kumi, na upande wa kushoto ina vichache vya sauti nzito. Jambo la ajabu ni hili: kitufe kimoja hutoa sauti mbili. Ukisukuma mvukuto husikia sauti moja, na ukiuvuta husikia nyingine. Ukitaka kupanda ngazi ya sauti, do, re, mi, fa, so, yakubidi usukume, uvute, usukume, uvute, usukume. Kwa hiyo mpigaji hawezi kuutenga wimbo na pumzi. Kila hatua ya wimbo ni pumzi iliyoingia au pumzi iliyotoka. Weka jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

Sasa tuitazame hukumu ya kwanza, ya kwamba chombo hiki ni kigeni. Ni kweli kwamba kilitoka mbali. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaunganisha bandari za ziwa. Mwaka 1906 wamisionari wa Kisabato walifungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay. Katika vita vya 1914 hadi 1918 vijana wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na baada ya vita wengine walikwenda kutafuta mshahara relini, bandarini Mombasa na katika mashamba makubwa ya walowezi. Katika miaka hiyo ya safari na mishahara, gramafoni, gitaa na kodiani zilifika katika nchi za ndani, zikiwa mali ya kununuliwa na ya kuonyeshwa kwa fahari.

Lakini kutoka mbali si kosa, na wala si nyatiti isiyo na jamaa ng'ambo. Vinanda vya namna yake, vyenye nyuzi zilizotandwa kutoka mti wa juu hadi kwenye bakuli la ngozi, vipo Uganda, Sudan na Ethiopia. Katika Migori yenyewe Wakuria wana iritungu, ambayo ni ndugu yake mkubwa mwenye sauti nzito. Mfikirie pia Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Migori katika nchi ya Tanzania, aliyefariki mwaka 2006. Yeye ni mmoja wa waliouinua muziki wa benga hata ukajulikana mbali. Gitaa lake lilikuwa chombo cha kiwandani kama kodiani ilivyo. Hata hivyo hatumsikii mtu akisema kwamba benga si ya Wajaluo. Husemwa, na kwa haki, kwamba vidole vya wapiga gitaa wa benga viliiga mwendo wa nyatiti. Ikiwa gitaa liliruhusiwa kuwa mwenyeji kwa kazi iliyofanywa nalo, kwa sheria gani kodiani ikataliwe?

Wala Wajaluo hawakuwa peke yao. Wakikuyu wa Kenya ya kati waliifanya kodiani kuwa moyo wa ngoma ya mwomboko, wakiifuatisha na mlio wa pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. Katika Zanzibar kodiani iliketi pamoja na udi, fidla na ganuni katika taarab, na kikundi cha Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimeipa nafasi ya heshima. Mahali pote pawili chombo kilikuwa kile kile, na muziki uliotoka ukawa mbali kabisa. Hiyo ndiyo dalili ya kwamba chombo kimepata wenyeji, yaani kikiguswa na mikono ya watu fulani, husema kwa lafudhi yao.

Hukumu ya pili ni nzito zaidi, maana husimama juu ya jina kubwa la muziki wa Ulaya. Basi na tuzuru jumba moja la shamba huko Ulaya, tuone muziki huo mkubwa ulivyozaliwa. Joseph Haydn aliingia katika utumishi wa ukoo wa Esterházy mwaka 1761. Mtawala Nikolaus wa ukoo huo alijenga jumba la fahari mashambani, mahali paitwapo Eszterháza, katika nchi ya Hungaria, na huko Haydn aliishi miaka mingi akiwa mtumishi aliyevaa sare. Bwana wake alipenda kupiga barytoni, chombo cha nyuzi ambacho siku hizi ni wachache wanaokijua. Basi Haydn alimtungia vipande zaidi ya 120 vya watu watatu, ili bwana apate cha kupiga. Mwaka 1772, bwana alipokawia mno kurudi mjini na wapigaji wakawa na hamu ya kuwaona wake zao, Haydn alitunga simfonia ambayo mwishoni wapigaji huzima mishumaa yao na kuondoka mmoja mmoja. Yasimuliwa kwamba bwana alielewa, akatoa amri ya kuondoka.

Nimekusimulia hayo, msomaji, ili uone kwamba muziki tunaouita mkubwa nao ulipigwa nyumbani mwa mtu, kwa chakula cha mtu na kwa matakwa ya mtu. Alikuwapo mwenye nyumba wa kusifiwa, na mpigaji mwenye haja zake, naye msanii alitafuta njia ya kusema kweli bila kumvunjia heshima aliyemlisha. Sasa toka Eszterháza, uje katika boma la mzee wa Kijaluo.

Boma hilo huitwa dala. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hutazama lango. Nyumba za wake wengine hufuata kwa taratibu zake kulia na kushoto. Vibanda vya vijana wa kiume huwa karibu na lango. Na mzee ana kibanda chake cha mazungumzo, kiitwacho duol. Mahali pa kila mtu husema daraja yake. Utaratibu huu wa kujenga kwa kufuata ukoo ni wa zamani katika nchi hiyo. Kule Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, kuta za mawe zilizodhaniwa kujengwa katika karne ya 16 zingali zimesimama bila chokaa wala udongo, na mwaka 1998 haukuwa umezipa bado sifa waliyozipa mataifa mwaka 2018, zilipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hiyo mpigaji anayeingia dala na kodiani yake haingii uwanjani tu. Anaingia katika nyumba yenye mpango, na muziki wake hupimwa pia kwa jinsi anavyoujua mpango huo.

Tuseme umealikwa katika dala moja kando ya njia iendayo kutoka Rongo mpaka Homa Bay, jioni ya siku ya pili baada ya harusi. Mpigaji ameketi kitini, kodiani iko pajani. Mwenzake mmoja ana ngoma, na mwingine anagonga chuma. Wazee wameketi upande wa duol, wanawake wako karibu na nyumba ya mikayi, na vijana wanasimama. Usianze kwa kuuliza kama unaupenda muziki huu. Nakupa vipimo vinne. Vitumie kimoja kimoja.

Kipimo cha kwanza ni pumzi. Tazama mvukuto kabla ya kutazama vidole. Mpigaji mchanga huusukuma na kuuvuta kama mtu apepeaye moto. Sauti zake zote hutoka sawa, kubwa na butu. Mpigaji hodari huutumia kama mwimbaji atumiavyo kifua. Huanza sauti kwa upole, huikuza, huikata ghafula mahali panapotaka kukatwa. Kwa kuwa kila sauti ina upande wake wa pumzi, hupanga tangu mwanzo wa mstari wapi mvukuto utakuwa umefunguka na wapi utakuwa umefungika, ili asiishiwe katikati ya neno. Ukisikia wimbo umekatika mahali pasipofaa, mara nyingi vidole havina hatia. Hesabu ya pumzi ndiyo iliyokosewa.

Kipimo cha pili ni matumizi ya uchache. Nyatiti ina nyuzi nane, nayo imewatosha mabingwa wa nyatiti maisha yao yote. Mpiga nyatiti hupiga nyuzi kwa vidole, hugonga ubavu wa chombo kwa pete ya kidole cha mguu, na njuga za mguuni hulia. Mtu mmoja, kazi tatu. Mpiga kodiani bora amerithi fundisho hilo. Mkono wa kulia hushika wimbo, mkono wa kushoto hutia sauti nzito mahali ambapo pete ya mguu ingegonga, na mvukuto wenyewe, kwa kutikiswa kidogo kidogo, huleta mwendo wa njuga. Uliza basi: je, amefanya nini na vitufe vyake vichache? Kama amerudia kifungu kimoja mara ishirini bila kukibadili, ameshindwa. Kama amekirudia mara ishirini, na kila mara amekigeuza kidogo, hapa kaongeza sauti, pale kapunguza, hapa kachelewa nusu ya hatua ili mchezaji auinue mguu, basi amefaulu. Marudio si kasoro katika muziki huu, bali marudio yasiyokua ndiyo kasoro.

Kipimo cha tatu ni maneno. Dholuo ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana ya neno. Vilimi vya kodiani vilipimwa kiwandani na mtu asiyeijua lugha hiyo, na mpigaji hawezi kuvilegeza au kuvikaza jioni ile kama ambavyo mpiga nyatiti hulinganisha nyuzi zake. Basi kuna mvutano kati ya chombo na ulimi. Mpigaji dhaifu huusalimisha ulimi kwa chombo. Maneno yake hupindika, na msikilizaji huyakisia tu. Mpigaji mwenye akili huinyamazisha kodiani pale neno linapohitaji nafasi, akaacha sauti moja nzito ivume chini, na kisha neno likiisha humjibu mwimbaji kwa vidole. Katika mazungumzo hayo ya sauti ya mtu na sauti ya vilimi ndimo, kwa maoni yangu, ulimo uzuri mkuu wa onanda.

Uzuri huo huonekana zaidi katika nyimbo za maombolezo. Mpigaji aliyeitwa matangani hutaja jina la marehemu, wazazi wake, nchi aliyotoka mama yake na wema alioutenda. Mvukuto ukivutwa polepole hutoa sauti inayofanana mno na kwikwi ya mtu anayelia, nao ukisukumwa hurudi kama mtu anayejikaza. Nyatiti kwa fahari yake yote haiwezi kuishikilia sauti moja hivyo, kwa maana uzi ukishapigwa huanza kufa. Kodiani yaweza kuishika sauti maadamu pumzi ipo. Wapigaji wa Nyanza walilitambua jambo hilo, wakaliweka mahali panapostahili. Mtu akikuambia kwamba waliiga tu, mwulize waliiga kutoka wapi matumizi haya.

Kipimo cha nne ni uhusiano wa muziki na watu waliopo, na hapa ndipo penye ubishi. Katika ngoma za Wajaluo kuna desturi iitwayo pakruok. Msikilizaji hutoa fedha, muziki husimama, naye hujisifu au humsifu rafiki yake, kwa majina ya mafumbo, kwa methali na kwa mzaha. Akimaliza muziki huendelea. Wako wanaosema kwamba desturi hiyo huuharibu muziki, kwa kuukata kila unapoanza kupanda na kwa kuiuza sifa sokoni. Wengine husema kwamba bila pakruok hakuna ngoma.

Mimi nasema kwamba pande zote mbili zimeona kweli kwa jicho moja. Pakruok iliyo njema ni sanaa. Msemaji mahiri huweza kujenga picha kamili kwa maneno machache, na watu wakacheka kwa sababu wameelewa kilichofichwa. Mpigaji mahiri naye hulipokea neno la mwisho la msemaji na kulifanya mwanzo wa wimbo unaofuata, hivi kwamba ukatizaji wenyewe umekuwa daraja. Haydn alitunga kwa matakwa ya bwana mpenda barytoni na hakuaibika. Lakini mpigaji anaposifu mfuko badala ya mtu, akamwita bakhili mkarimu na mdhalimu mlinzi wa wanyonge kwa sababu noti imewekwa mbele yake, hapo ameuza kitu ambacho si chake. Sifa ni mali ya jamii nzima; yeye ni mtunzaji tu. Kosa hili ni la sanaa kama lilivyo la tabia, kwa kuwa sifa ya uongo haina mambo ya hakika ya kutaja. Mshairi hubaki na maneno ya jumla, "mkubwa," "tajiri," "hodari," na wimbo wake huwa mweupe kama ugali usio na mboga.

Sikufichi kasoro nyingine. Vilimi vya kodiani hupoteza usawa wa sauti kwa kutu, vumbi na unyevu, na kuvirudisha kwataka fundi wa kukwangua madini kwa tupa, akiwa na sikio kali. Kodiani iliyopotoka huwachosha wasikilizaji hata mpigaji awe nani. Tena siku hizi vipaza sauti hufungwa kwa nguvu mno bomani, kiasi cha kuua kile tulichokisifu, maana pumzi ndogo na pumzi kubwa zote hutoka kwa kishindo kimoja. Chombo ambacho kwa umbile lake kilitosha kuujaza uwanja hakikuhitaji mzigo huo.

Sasa tuweke onanda karibu na kodiani ya kumbi za Ulaya, bila kumtukuza mmoja ili kumdhalilisha mwingine. Kwanza ujue kwamba huko nako chombo hiki kilidharauliwa muda mrefu, kikaitwa cha walevi na cha wachuuzi. Tchaikovsky alitia kodiani nne katika moja ya kazi zake za okestra mwaka 1883, na Hindemith aliitumia katika kazi ya mwaka 1922, lakini hayo yalikuwa matukio ya mara moja moja. Mwaka 1958, karibu miaka 130 tangu Demian, Ole Schmidt wa Denmark alimtungia mpigaji Mogens Ellegaard kazi kubwa ya kodiani na okestra. Mwaka 1978 Sofia Gubaidulina, mtungaji wa Urusi, alitunga kazi ya kodiani peke yake, ambayo ndani yake mvukuto husikika ukivuta hewa bila sauti ya vilimi, kama kifua cha mtu anayepumua.

Angalia basi jinsi njia zilivyokutana. Mtungaji mkubwa wa Ulaya, baada ya elimu yote ya vyuo, aliufikia ukweli ule ule ambao mwombolezaji wa Nyanza aliushika matangani, yaani kwamba siri ya chombo hiki ni pumzi. Sisemi kwamba kazi zao ni sawa. Kodiani ya ukumbini ina vitufe vingi, hutoa sauti moja kwa kusukuma na kwa kuvuta, na yaweza kubeba sauti tatu nne zinazokwenda njia mbalimbali kwa nusu saa bila kupotea. Onanda haiwezi hayo wala haiyatafuti. Kwa upande wake, mpigaji wa ukumbini hajui majina ya waliomsikiliza. Hawezi kuugeuza wimbo kwa sababu shangazi wa bibi harusi amesimama kucheza, wala hapati lawama papo hapo akikosea ukoo wa mtu. Mmoja amepewa kimya, ili ajenge kwa urefu. Mwingine amepewa watu, ili ajenge pamoja nao. Kila mmoja apimwe kwa kile alichopewa, na wote wawili wapimwe kwa pumzi, usafi wa sauti, kiasi na ukweli.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Onanda ya maboma ya Homa Bay na Migori ni sanaa kamili, yenye sheria zake na mabingwa wake. Ubora wake hufika kilele katika maombolezo na katika mazungumzo ya sauti na vilimi. Udhaifu wake mkubwa ni sifa za kununuliwa na marudio yasiyokua. Ni ya Wajaluo kwa haki ile ile iliyoifanya benga kuwa yao, nayo yaweza kutajwa pamoja na kodiani ya kumbi bila haya, mradi mtajaji ajue tofauti.

Limebaki neno moja, nalo lakuhusu wewe. Gitaa la benga liliichukua mbele sehemu kubwa ya kazi ya kodiani, na katika ohangla ya siku hizi kinanda cha umeme kimeshika mahali pake. Sisemi kwamba mabadiliko ni dhambi. Onanda yenyewe ilikuwa badiliko. Lakini muziki usioandikwa hukaa katika miili ya watu, na mtu akizikwa huzikwa nao. Sifa na maombolezo yaliyoimbwa bomani yalibeba majina, safari na tabia za watu ambao hawamo katika kitabu chochote. Jina likisahauliwa na mpigaji, aghalabu hakuna mwingine wa kuulizwa.

Basi ukisikia kwamba kijijini kwenu au kijiji cha jirani yuko mzee mwenye kodiani, nenda kwake kwa heshima, pamoja na mwenzako mmoja. Msalimu kama umsalimuvyo babu yako, uketi mahali utakapoonyeshwa. Mwombe apige wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza utazame mvukuto, mara ya pili usikilize mkono wa kushoto, na mara ya tatu uyafuate maneno. Kisha mwulize wimbo ule ulitungwa kwa ajili ya nani na kwa nini, na kwa ruhusa yake uyaandike majibu siku ile ile kabla hujalala. Baada ya hapo ukitaka kusema, "Naupenda," au, "Siupendi," sema. Neno lako litakuwa na uzito, kwa sababu litakuwa limetanguliwa na kazi.